Na Mimi Utanivisha Koti Gani?

Mpendwa Bi Nusrat, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, naitwa Verediana, fundi cherehani, nakaa Soweto hapa Mbeya, na leo zamu ya kukuomba msaada imenifikia mimi, ila nakuomba unijibu humu gazetini na siyo kwenye kile kipindi chako cha redio, kwa sababu mama yangu yuko Idodi na redio anaifungua tangu asubuhi mpaka betri zinaisha, lakini gazeti kule kwetu halifiki.

Swali langu ni la kamera. Nimesikia wewe na marehemu mumeo mlikuwa na studio ya picha Iringa mjini miaka mingi, ndiyo maana nikaona nisimuulize mtu mwingine. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja nasafiri kwenda nyumbani Idodi, na nataka kununua kamera ndogo ya dijitali, ya kusafiri nayo, ya kuingia kwenye mkoba, na ziko mbili dukani zimenishinda kuchagua, nimekwenda mara nne mpaka mwenye duka amenizoea ananivutia kiti, na nisipokueleza ya nyuma hutaelewa kwa nini kitu kidogo hivi kinaninyima usingizi.

Baba yetu, mzee Kalinga, alifariki miaka minne iliyopita. Alikuwa msimamizi wa zamu za maji kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, na kila mtu kule alimjua kwa shati la kaki lenye mifuko miwili na penseli kwenye mfuko wa kushoto, ya kuandikia nani leo anafungua maji na nani anasubiri, na sijawahi kumwona amevaa tai hata siku moja, hata siku ya kipaimara changu alikuja kanisani na kaki yake imepigwa pasi. Alipofariki tulitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, maana kwetu siku hizi msiba ukikosa picha ya marehemu watu wanasema hamkumjali mzazi, tukakuta hatuna hata moja, zile nilizompiga kwa simu zilipotea na simu yenyewe pale Chimala, nilishuka kwenye basi kununua mchele nikarudi kwenye kiti nakuta mkoba uko wazi. Kilichobaki kilikuwa kitambulisho chake cha mpiga kura. Mimi ndiye mkubwa, nikatumwa Iringa mjini kikakuzwe. Mpiga picha akaniuliza, dada, nimvishe koti? Nikasema mvishe. Bi Nusrat, nilisema mvishe, akanipangia makoti kwenye kompyuta na mimi nikachagua kwa kidole changu mwenyewe koti jeusi na tai nyekundu, nikaona baba yangu naye aage dunia kama mtu mwenye heshima zake.

Ilipokuja nyumbani ikiwa kwenye fremu, uso wa baba umelainishwa mpaka makunyanzi yote yamefutika, na lile koti bega moja limepanda juu kuliko lingine, mimi ni fundi, nililiona hapohapo nikanyamaza. Mama akaishika, akaitazama muda mrefu, akauliza, "Huyu ni nani?" Wote tukadhani ni uchungu. Picha ikatangulia jeneza, watu wakaisifia, tukazika. Wageni walipoondoka mama akaitundika mwenyewe sebuleni, lakini akaigeuza, uso ukaelekea ukutani, na mpaka leo miaka minne ukiingia kwetu unakutana na mgongo wa fremu, kadibodi ya kahawia na kamba. Hakuna anayethubutu kuigeuza. Ile penseli ya baba mama anayo, anaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Sasa mama mwenyewe anaumwa, moyo umepanuka, miguu inavimba, daktari alituita pembeni akasema mkaeni naye karibu, na sisi watu wazima tukaelewa. Ndipo kaka yangu Isaka, ambaye ni mwalimu Dodoma, akasema safari hii tusirudie kosa, mama apigwe picha nzuri akiwa bado na uso wake. Tatizo mama hataki. Anasema mtoto akija na kamera kwa mzazi mgonjwa amekuja kupima jeneza. Ukiinua simu tu anajifunika uso na kanga. Na pale kwetu ni barabara ya kwenda mbuga ya Ruaha, magari ya watalii yanapita, wengine wanatoa dirishani kamera ndefu kama bomba, na mama akiyasikia anaingia ndani na kufunga mlango, anasema wale wanampiga binadamu kwa mbali kama wanavyompiga tembo, halafu wanaondoka.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Mwezi wa saba nilikwenda kumwona, nikakaa wiki nzima bila kusema neno kuhusu picha. Siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana mama alilala chumbani kwake, chumba kina dirisha moja dogo, nikasimama mlangoni nikamwangalia, nikajiambia sasa hivi au basi tena, nikainua simu. Nikasahau kuzima ule mwanga wake. Ukawaka chumba kizima. Mama akafumbua macho. Hakupiga kelele, hakunitukana, alisema, "Vere, bado." Kisha akaketi taratibu, akafunga kanga yake, akaniangalia na kuniuliza, "Na mimi utanivisha koti gani?"

Nikatoka nje na simu yangu, nikaenda kuosha vyombo. Kesho yake nilipoondoka hakunisindikiza barabarani, na mama hajawahi kuniacha niondoke peke yangu hata alipokuwa na homa. Tangu hapo ni miezi mitatu hajaongea na mimi. Nikipiga simu anapokea wifi yangu Faustina, anayekaa naye, anasema mama anaota jua, mama amelala, mama yuko kwa jirani, na nyuma yake naisikia sauti ya mama anaimba nyimbo zake za kanisani. Naogopa Bi Nusrat. Naogopa siku moja Faustina atapiga yeye.

Picha ile ninayo. Ndiyo pekee tuliyo nayo ya mama. Isaka anasema hiyo tuitunze, ni akiba. Lakini mdomo umefunguka kidogo na ule mwanga umemfanya mweupe, ukimwonyesha mtu asiyejua atakupa pole.

Basi kamera zenyewe ni hizi, ziko kwenye duka la bwana mmoja anaitwa Abdul, huku Mwanjelwa. Ya kwanza imenenepa kidogo lakini inavuta, yaani inavuta mpaka Abdul alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Dada, mhesabie yule mama nyanya zake ng'ambo ya barabara," na kweli nilizihesabu. Isaka anataka hiyo, anasema nikae kwa jirani, mama akitoka kuota jua nimvute hukohuko, hatajua, na sisi tutakuwa tumepata. Ya pili ni ndogo, inalala kwenye kiganja, haivuti kitu, Abdul anasema hiyo ukitaka mtu aonekane mkubwa umsogelee kwa miguu yako. Megapikseli za ya kwanza ni nyingi zaidi. Ndugu zangu wananisubiri niseme.

Naomba unijibu kuhusu kamera tu. Ya mama nitajua mwenyewe.

Verediana Kalinga, Soweto, Mbeya.

BI NUSRAT ANAJIBU

Marahaba, Verediana. Pole kwa mzee Kalinga. Nadhani walikupa pole ya kufiwa na baba, lakini ya lile koti hakuna aliyekupa, maana hukumwambia mtu. Pole na hilo.

Umetaka nijibu kamera tu. Haya, tuanze na kamera.

Ile ya kuvuta mwachie Abdul kabatini. Siyo mbaya. Ungekuwa unapita Idodi kwenda mbugani ningekwambia ichukue leo hii, maana ilitengenezwa kwa ajili ya simba, na simba ukimsogelea anakula. Mama yako ukimsogelea atakupakulia uji. Kaka yako Isaka anataka ujifiche kwa jirani umvizie mama aliyekuzaa, kwenye kijiji ambacho mama huyohuyo anakimbia kamera za dirishani. Mwambie Isaka nimesema hivi: darasani kwake huenda anafundisha vizuri, ila katika hili amepata sifuri.

Chukua ndogo. Na usiichukue kwa sababu ni ndogo tu, ipime kwanza. Mwambie Abdul aingie ndani kabisa ya duka lake, kule anakoweka maboksi, taa izimwe, mlango wa mbele ubaki wazi. Zima ule mwanga wa kamera. Simama hatua mbili kutoka kwake, ubane viwiko kwenye mbavu, mpige. Kisha mtazame kwenye kioo cha kamera: macho yake yanaonekana? Nywele za ndevu zinaonekana, au ni giza lenye chengachenga? Kama macho yanaonekana, hiyo ndiyo kamera ya chumba cha mama yako chenye dirisha moja. Kama hayaonekani, usiondoke nayo hata akikupa na mkoba wa bure, mwombe akutolee nyingine ya aina hiyo uipime hivyohivyo.

Megapikseli waachie wanaobishana vijiweni. Fremu ya ukutani haizihitaji zote hizo. Nunua betri ya pili, na kadi mbili za kuhifadhia picha, maana wewe tayari umeshaibiwa Chimala na sitaki kusikia habari hiyo mara ya pili. Kadi moja ikae kwenye kamera, nyingine uishone ndani ya nguo, kwani wewe si fundi? Barabara ya kutoka Iringa kwenda kwenu ina vumbi, na lenzi inayotoka na kurudi ndani ikimeza vumbi imekwisha, kwa hiyo kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya kanga, na usiifungue njiani kupiga milima. Jambo la mwisho, inunue sasa na siyo siku ya safari. Piga picha kila siku hapo Soweto, wapige wateja wako wakijaribu nguo, kila mmoja umwombe kwanza, mpaka vidole vijue vitufe vyenyewe. Ungekuwa umeizoea simu yako usingemwashia mgonjwa taa usoni.

Hayo ya kamera yameisha. Sasa nivumilie kidogo, maana yanayofuata hukuniuliza.

Nataka kukwambia habari ya koti. Kwenye studio yetu, mimi na marehemu Junaid, tulikuwa na koti moja la kweli, jeusi, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya pazia. Mtu anakuja kupiga picha, analivaa, anajitazama kwenye kioo, anacheka, anapigwa, analivua, anavaa mwingine. Halikuwa na ubaya wowote, kila aliyelivaa alilivaa mwenyewe. Kompyuta ilipoingia, tukaanza kuwavisha wasioweza kukataa. Junaid macho yalikuwa yameshachoka, aliyekaa kwenye kompyuta ni mimi. Walikuja watoto wa marehemu wakiwa na kitambulisho mkononi, wakasimama nyuma ya kiti changu kama ulivyosimama wewe, na mimi ndiye niliyewauliza, nimvishe koti? Wakasema mvishe. Mtu aliyefiwa jana atakwambia mvishe, atakwambia chochote. Sikuwahi kuuliza hata mara moja, mzee mwenyewe alikuwa anavaa nini? Ni swali la dakika moja.

Sisemi picha ya baba yako niliifanya mimi, miaka minne iliyopita studio ilikuwa imeshafungwa. Lakini nimewafanyia wengine wa aina yake, sijui idadi. Na sisi Waislamu picha haitangulii jeneza, kwa hiyo sikuwahi kukaa msibani nikamwona mjane anaishika kazi ya mkono wangu na kuuliza huyu ni nani. Barua yako ndiyo imenikalisha pale. Niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Kwa hiyo Verediana, lile la koti usilibebe peke yako. Ulikuwa na msiba, na aliyekuwa na akili zake siku ile alikuwa yule wa kwenye kompyuta. Sehemu kubwa ya kosa hilo ni yetu sisi wa studio, na mimi naomba radhi kwa niaba yao na kwa niaba yangu.

Lakini la usingizini ni lako. Hapo sikusaidii kubeba hata kidogo. Umekaa na mama wiki nzima, mmekula pamoja, mmeongea ya jirani na ya mpunga, na neno moja la kweli likakushinda, ukasubiri afumbe macho. Mtu mgonjwa akilala nyumbani kwake anakuwa amewaamini walioko ndani. Wewe ukamchukulia kama tayari ni wa jeneza. Yeye akakwambia bado. Sijui kama umelisikia vizuri neno lile. Mimi nimelisikia kutoka Iringa.

Unasema mama haongei na wewe. Mama aliongea, alikuuliza swali. Ni wewe ndiye hujamjibu kwa miezi mitatu, na kila ukipiga simu unauliza hali yake. Angekuwa anakuchukia angeichukua simu kwa Faustina akakwambia. Anaimba ili ujue yupo.

Basi fanya hivi. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja ni mbali kwa mtu ambaye moyo umepanuka. Wiki mbili za kuzoea kamera zinakutosha, halafu uondoke. Wateja waambie nguo zao watazikuta, na wasiotaka kusubiri wachukue vitambaa vyao. Usimdokeze Faustina kwa simu kwamba unakuja na kamera. Ukifika, siku ya kwanza kamera isitoke kwenye mkoba. Pika, fua, kaa.

Siku ya pili, asubuhi, akishakunywa uji, kaa mbele yake mahali anapoota jua na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe: Mama, baba nilimvisha koti mimi, nilichagua mimi, nilikosea. Usiongeze neno la kujitetea. Usiseme mpiga picha alisema, hata kama alisema. Kisha mpe simu yako, ikiwa imefunguka kwenye ile picha ya usingizini. Aione. Mwonyeshe pa kubonyeza ili ifutike, halafu mwachie simu mkononi.

Najua ninachokwambia. Hiyo ndiyo picha pekee ya mama yako duniani, na ninakwambia umkabidhi aifute. Na ataifuta, usijidanganye. Isaka atakasirika, mwache akasirike. Na ikiwa umeshamrushia nakala, naye aifute kwanza kabla hujaondoka Mbeya. Akiba ya kuiba haikai, na siku ya kuitumia hakuna hata mmoja wenu ambaye ataweza kuiangalia. Inawezekana kabisa ukarudi Mbeya ukiwa huna hata picha moja. Lijue hilo kabla hujapanda basi.

Baada ya hapo, siku hiyohiyo au kesho yake, utajua mwenyewe saa, itoe ile kamera ndogo na umpe aishike yeye. Haina bomba, haitamtisha. Mwonyeshe pale pa kubonyeza, mwambie akupige wewe. Atakukata kichwa, atapiga miguu na kuku, mwache. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba na nakwambia mtu akishashika kamera mwenyewe haiogopi tena kama mwanzo. Akikurudishia na kukaa sawa, akavuta kanga yake begani, hapo amesema ndiyo. Usimwambie tabasamu. Usimwambie akavae gauni la kanisani isipokuwa atake. Alivyokaa ndivyo hivyo, mpige, na kila ukipiga umwonyeshe, na asiyoitaka ifutwe papo hapo. Ukipita Iringa kurudi, isafishe ile aliyoichagua yeye, nakala mbili, moja uitume kwake kabla hujaitundika yako.

Akikataa, irudishe kwenye mkoba na usiseme tena. Hakuna mzee anayedaiwa uso wake na wanawe.

Lakini akikubali au akikataa, bado kuna lile swali, utanivisha koti gani. Lijibu hivi. Ishushe ile fremu ya baba kutoka kwenye msumari, kwanza umwombe ruhusa, na usiigeuze. Mwekee mapajani hivyohivyo ilivyo, kadibodi juu. Mwambie akusimulie mzee Kalinga alikuwa anavaa nini. Atakwambia kaki, hilo unalijua, lakini atakwambia na mengine, kifungo kipi kilikuwa kimepotea, alikunja mikono hadi wapi, alinuka nini akitoka mferejini. Andika kila neno, hapo hapo kwenye ile kadibodi ya kahawia, kwa mwandiko mkubwa ambao ataweza kuusoma. Kisha irudishe ukutani, uso uelekee kulekule alikouelekeza yeye.

Miaka minne mama yako anakaa mbele ya upande huo usio na kitu. Nenda kaujaze, Verediana. Mwombe akupe penseli ya baba.